Zana za "marehemu" wa Frere Town zilizokuwa zikifika sokoni zimenolewa

Wakuu, salamu kwenu wa bara na wa pwani, pamoja na nyinyi mnaosoma hapa mkiwa kazini mnajifanya mnajibu barua za ofisi.

Nina jambo limenikaa kifuani na siwezi kulisimulia kiwandani, watanicheka. Naliandika kama lilivyotokea. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi, maana katika kisa hiki sikutoka vizuri.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja Changamwe, naishi Mtopanga na mke wangu na watoto. Wazazi wangu walishuka kutoka Ukambani kabla sijazaliwa. Nikienda bara wananicheka Kiswahili changu, na hapa pia wananicheka vile vile.

Ugonjwa wangu mnaujua: zana za mkono za zamani. Randa, patasi, misumeno, keekee. Vintage, si hizi za plastiki. Jumamosi nisipokuwa zamu utanikuta Kongowea, pale wanapomwaga vyuma vikuukuu kwenye maturubai. Kuna mabomba, vitasa, vipuri vya baiskeli, na katikati ya takataka hizo, ukiwa na bahati, kitu kilichotengenezwa na mtu ambaye hakuwa na haraka.

Niwape faida kidogo wageni, halafu nirudi kwenye kisa.

Patasi ya zamani usiitafute jina, mara nyingi jina limeshaliwa na kutu. Igeuze utazame karibu na makali. Nyingi zina vyuma viwili vilivyounganishwa motoni, kimoja laini na kimoja kigumu, na ukipangusa vizuri utaona mstari mwembamba mahali vilipokutana.

Randa ya mbao, tazama kisigino chake. Ikiwa na makovu ya nyundo, hiyo ilifanya kazi, haikuwa pambo la sebuleni.

Mpini, ushike umefumba macho. Mtu akishika kitu miaka mingi, vidole vyake huchimba mbao mahali vinapokaa. Utasikia pale kidole gumba kilipokuwa, na pale kiganja kilipoegemea.

Sasa kisa.

Kuna mama mmoja wa Kigiriama pale sokoni, Mama Kadzo. Tumezoeana kiasi kwamba akipata chuma cha kale hukificha chini ya kigoda chake hadi nije. Wengine hawavitaki, ananiambia, wewe tu ndiye mwenye kichaa hicho.

Jumamosi moja akanitolea patasi. Pana, mpini wa mbao ngumu ya manjano, shingo iliyofuliwa kwa mkono. Nikajua papo hapo ni kitu cha enzi za wamishonari.

Lakini haikuwa na kutu.

Mnaoishi huku mnajua. Hewa yetu ina chumvi. Chuma kitupu ukikiacha dirishani jioni, asubuhi kimeshabadilika rangi. Patasi ya zamani ya sokoni hufika nyekundu, makali yamevunjika, mtu ameifungulia makopo ya rangi. Hii iling'aa. Nilijaribu makali kwenye nywele za mkono wangu zikakatika bila kelele.

Nilimuuliza imetoka wapi. Akasema mali ya marehemu, fundi wa Frere Town, mwanawe ndiye anayeuza.

Nikaona sawa. Nikachukua.

Nyumbani ndipo nikaona jambo jingine. Kwenye shingo, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, palikuwa na tope la kijivu. Ni lile tope linalotoka jiwe la kunolea likiwa na maji. Nililigusa. Lilikuwa bichi.

Nikajiambia huyo mwana ameinoa ili iuzike. Basi. Nikafanya yale yangu: nikapiga msasa mpini mpaka ukawa mweupe, nikasawazisha yale mabonde ya vidole, nikapaka vanishi. Juu ya mpini palikuwa na alama iliyogongwa kwa msumari, vitone vitatu na mstari chini yake. Niliona inaharibu sura. Nikaifuta kwa tupa.

Picha niliweka humu, before and after. Mlinipigia makofi wenyewe, msijifanye mmesahau.

Jumamosi iliyofuata, patasi nyingine, nyembamba. Inang'aa. Inanukia mafuta ya nazi, tena mafuta mapya, si yale yaliyochacha. Vitone vitatu na mstari.

Baadaye ukaja msumeno mdogo wa mgongo wa shaba, meno yote yamechongwa upya, moja moja. Kisha randa ndefu, kisha randa ndogo.

Ile randa ndogo ndiyo iliyonifanya nikae chini palepale sokoni.

Mdomoni mwake palikuwa na kipande cha maranda kimenasa. Wakuu, maranda yakikaa hukauka, hubadilika rangi, huvunjika ukiyashika. Haya yalikuwa laini, meupe, na nilipoyapeleka puani yalikuwa na harufu ya mbao iliyokatwa asubuhi ile.

Nikamuuliza Mama Kadzo, huyu marehemu alikufa lini?

Akasema zamani.

Zamani ya lini?

Akaanza kupanga vitasa vyake. Hatimaye akaniambia, bila kuniangalia, kwamba yeye hajawahi kuzilaza zana zile nyumbani kwake. Zikija asubuhi anahakikisha zimeondoka kabla hajafunga turubai. Siku ambazo nilikuwa zamu alizilaza kwa jirani yake muuza kamba hadi nije, wala hakumwambia ni nini.

"Mimi nauza tu, mwanangu," alisema. "Sijamuuliza mtu ni nani azinoaye."

Sitawadanganya, niliogopa. Mimi si mtu wa majini na mapepo, mke wangu ndiye mwenye hofu hizo na mimi ndiye ninayemcheka. Lakini nilibeba randa ile hadi Mtopanga nimeishika mbali na mwili.

Halafu kuna hili la mkono.

Zile mbili za mwisho sikuwa nimezipiga msasa. Nilipozishika nimefumba macho nikagundua mabonde yake yako kinyume. Mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto. Mimi ni wa kulia, sijawahi hata kupiga mswaki kwa kushoto. Nikajaribu randa ile kwenye kipande cha mvule, ikanikatalia, inaruka. Nikahamisha mkono. Ikateleza yenyewe, maranda yakatoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika.

Nilirudia. Nilirudia tena. Nikasahau chai mezani.

Wiki ile kazini mwenzangu akaniuliza tangu lini nafungua nati kwa mkono wa kushoto. Nikatazama mkono. Spana ilikuwa kushoto.

Mke wangu nilipomweleza hakucheka. Alisema nitoe vitu vile chumbani nivirudishe vilikotoka, na kama sijui vilikotoka nitafute. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu sikubishana.

Basi Jumapili baada ya ibada nikatia zote tano kwenye begi, nikaenda Frere Town. Mama Kadzo alikuwa ameniambia jina la mwenye kuuza, Dani, na kwamba nyumba ni nyuma ya lile eneo la zamani la misheni. Nikasimama kwenye kibanda cha kuuza mkaa nikamuuliza dada pale nyumba ya marehemu fundi, yule wa mkono wa kushoto, babake Dani.

Akanitazama.

Akasema, marehemu gani? Fundi Yeremia? Mbona yuko pale nyuma, humsikii?

Nikasikiliza. Nikasikia sauti ya chuma kwenye jiwe. Pole pole, kwenda na kurudi.

Mlangoni alinipokea mama wa makamo, mke wa Dani, Mama Neema. Dani hakuwapo. Nilianza kujieleza, lakini kabla sijafika mbali sauti ya mzee ikatoka barazani, nyuma.

"Karibu. Umerudisha?"

Nilikuwa sijasema neno kuhusu zana. Baadaye nilielewa kwamba alisikia vyuma vikigongana begini. Wakati ule sikuelewa chochote, niliona tu mkono wa Mama Neema ukienda mdomoni.

Fundi Yeremia alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, jiwe la kunolea mapajani, nyundo ndogo mkononi anainoa upande wa makucha. Mkono wa kushoto. Macho yake meupe, haoni kitu. Kando yake palikuwa na sanduku la mbao, kubwa, limetengenezwa kwa uangalifu, kila zana na nafasi yake iliyochongwa kwa umbo lake. Kifuniko kilikuwa wazi kimeegemea ukuta. Nafasi nyingine zilikuwa tupu.

Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Wewe ni nani kati yao? Samweli? Au Kitsao?"

Mama Neema aliniashiria ninyamaze. Akanivuta jikoni kwa kisingizio cha maji.

Huko jikoni ndiko aliponieleza, na namshukuru kwa sababu alieleza bila kuzunguka.

Samweli na Kitsao na wengine walikuwa wanafunzi wa mzee, aliwafundisha useremala tangu vijana. Wote wamekufa. Kitsao, mzee mwenyewe ndiye aliyemtengenezea jeneza na kumzika. Lakini akili imechoka sasa, imebaki huko nyuma, wanafunzi wakiwa hai na kazi ni nyingi mjini. Akiuliza zana zake ziko wapi, anaambiwa wanafunzi wameazima.

Na karakana yao ilikuwa na sheria, iliyotoka kwa babake mzee na kwa waliomfundisha babake. Zana haitoki ikiwa butu. Anayeazima aazime yenye makali na airudishe ikiwa na makali. Kwa hiyo kila Ijumaa mzee huuliza nani anakuja kesho, akatajiwa jina la mtu aliyekufa, akachagua zana, akainoa, akaijaribu kwenye ubao, akaipaka mafuta, akaitoa.

Wakuu, niliweka kikombe chini.

Nilikuwa nimekuja kumtafuta maiti anayenoa zana. Nikamkuta mtu hai anayewanolea maiti.

Mama Neema hakuwa amemaliza. Kuna sheria nyingine. Fundi akikaribia kuondoka duniani, sanduku lake lazima liwe limejaa, halafu hulifunga mwenyewe. Likifungwa, kazi imekwisha. Baada ya kuzikwa ndipo hufunguliwa na zana zikagawiwa wanafunzi. Zana ikiwa nje, sanduku hubaki wazi, na mwenyewe hana ruhusa ya kuondoka.

Mzee ana uvimbe tumboni. Hospitali walishasema apelekwe nyumbani akae na watu wake. Mara mbili alizidiwa hadi watu wakaitana, mchungaji akaja, wakaanza nyimbo. Mara zote mbili alifumbua macho akauliza zimerudi? Akajibiwa bado. Akaomba uji.

"Analia kwa maumivu usingizini," Mama Neema aliniambia. "Mchana hasemi kitu. Anangoja tu zirudi."

Nikasema basi tatizo limekwisha, ninazo zote hapa. Nilijiona malaika kabisa.

Nikarudi barazani nikafungua begi. Nikampa randa ndogo. Akaipokea, kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye vile vitone vitatu, kikasimama hapo. Uso wake ulilegea. Akajaribu makali, akasema nimeitunza, akaiweka kwenye nafasi yake bila kupapasa. Randa ndefu vile vile.

Nikampa ile patasi pana.

Kidole kikaenda juu ya mpini. Kikatafuta. Akaizungusha. Akaishika kama anayetaka kufanya kazi, vidole vikakosa mahali pa kukaa. Akanusa ile vanishi.

"Hii si yangu," akasema. "Umekosea, mwanangu. Mrudishie mwenyewe, atakuwa anaitafuta."

Ya pili, hivyo hivyo. Msumeno, ambao nao nilikuwa nimeuvua mpini wake nikautengeneza upya ukapendeza, aliugusa mara moja tu akanirudishia.

Nilisimama pale na zana zake tatu mkononi, za kwake kabisa, na yeye akinisubiri nitoe nyingine. Nilikuwa nimeufuta mkono wake kwa msasa na nikapiga picha. Nilisema nitaleta zilizobaki, nikaondoka kama mwizi.

Nikaenda kumtafuta Dani, hasira zimenijaa. Unauza vitu vya baba yako akiwa hai? Unamwita marehemu sokoni? Nilikuwa nimeandaa maneno mazito njia nzima.

Nilimkuta kwenye kituo cha bodaboda, amekaa juu ya pikipiki yake. Ni mtu wa umri wangu, mtaratibu, macho mekundu ya kutolala. Nikamwaga yote. Wenzake wakasogea wasikilize, yeye akaniomba tusimame pembeni.

Hakukana. Pesa ilisaidia dawa, alisema, lakini si pesa iliyomfanya aanze. Mwanzo alikuwa anaficha tu, zana moja juu ya kabati, moja chini ya kitanda. Mzee akiwa hivyo hivyo haoni alikuwa anazipata, anafuata harufu ya mafuta hadi anaitoa. Ikabidi ziende mbali.

Nikamuuliza kwa nini afiche.

"Zikiwa zote ndani atalifunga," akasema. "Kila nikiitoa moja najua wiki hiyo hatakufa. Mimi sina baba mwingine, ndugu yangu."

Maneno yangu yote mazito yaliishia hapo. Na lile la kumwita marehemu? Alisema mara ya kwanza lilimtoka tu alipoulizwa zana ni za nani, na tangu hapo kila Jumamosi akilisema anaona kama anamchuria babake, anamwitia kifo. Lakini ameshalisema.

Nilirudi nyumbani nikakaa na mke wangu sebuleni, zana tatu mezani. Sikujua upande wa haki ni upi. Nikinyamaza, mzee ataendelea kungoja na uvimbe wake tumboni, na Dani atakuwa na baba. Nikisema kweli, huenda sanduku likafungwa. Unaweza kusema ni imani tu, mtu hafi kwa kufunga kifuniko. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini nilikuwa nimeshasimama katika baraza ile, na sikuthubutu kulisema kwa sauti kubwa.

Mke wangu aliniuliza kama ningekuwa mimi ninayelia usingizini, ningetaka watoto wangu wafanye nini.

Jumapili hii iliyopita nikaenda tena. Nilimpigia Dani kwanza nikamwambia ninakwenda kusema nini. Akasema njoo. Nilipofika alikuwa mlangoni, koti la bodaboda mwilini.

Mzee alikuwa amekonda zaidi. Sauti ilikuwa ile ile. Umerudisha?

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake ili nisikilizane naye. Nikamwambia mimi si Samweli wala Kitsao. Nikamwambia jina langu na kazi yangu. Nikamwambia zile tatu alizozikataa ni zake, nilizinunua, nikazipiga msasa, alama nikaifuta kwa sababu sikujua ni alama.

Nilitegemea hasira. Au machozi. Hakuwa na lolote kati ya hayo. Alinyosha mkono, nikampa ile patasi pana, akakaa nayo. Aliupapasa mpini juu hadi chini, taratibu, mpaka Mama Neema akageuka akatazama ukuta.

"Umeifuta vizuri," akasema. "Una mkono mtulivu."

Kisha akaniuliza kama ninajua kunoa. Nikasema najua. Akanipa jiwe, nikanoa mbele yake, akisikiliza. Akanirekebisha mara moja, nikaze kiwiko. Nilikuwa nanoa kwa mkono wa kushoto. Sikumwambia, na nadhani hakuhitaji kuambiwa.

Nilipomaliza akajaribu makali, akanirudishia.

"Hizi hazirudi tena. Nimekupa, hazihesabiwi kuwa nje. Weka alama yako, lakini si sasa. Huweki alama yako mpaka mwenyewe azikwe."

Akageuza uso kwa Dani, barabara kabisa, kama anayemwona.

"Kuna nyingine nje?"

Mzee hakurudia swali. Alikaa tu, mkono wazi magotini.

Dani akafungua zipu ya koti. Ndani, kifuani, palikuwa na kitu kimefungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Ni ile nyundo ndogo. Alikuwa ameipeleka sokoni Jumamosi, akashindwa kuiacha kwa Mama Kadzo, na akashindwa pia kuirudisha. Alikuwa ameivaa tangu jana yake.

Akaitoa kwenye leso akaiweka kwenye mkono wa baba yake. Alikuwa analia wazi wazi, mwanamume mzima, na sikuona aibu kwa ajili yake.

Mzee akatafuta vitone vitatu. Akavipata. Akaiweka mahali pake.

Akasema, "Ahsante, mwanangu. Umeazima vya kutosha."

Sijui wakuu kama mnaelewa. Alijua. Sijui alijua tangu lini, lakini alijua aliyekuwa akiazima ni nani, na alikuwa akimnolea.

Dani aliombwa asaidie kifuniko, akatikisa kichwa. Mimi nikanyanyuka, mzee akanizuia. Alikishika mwenyewe kwa ule mkono, akakishusha taratibu hadi kikakaa. Kililia kidogo tu kwenye bawaba.

Tangu siku ile, Mama Neema ananiambia, mzee hajauliza kitu. Jiwe limekauka. Hanoi. Anakula vijiko vichache, anakaa juani, usiku analala bila kulia. Dani ameacha bodaboda, anakaa naye barazani mchana kutwa, anamnyoa ndevu, wanaongea kidogo kidogo.

Funzo langu ni fupi. Ukiokota kitu cha zamani, kabla hujawasha grainda, kaa nacho. Uliza kilikuwa cha nani, na huyo mtu yuko wapi. Yale mabonde kwenye mpini na vile vialama vya msumari si uchafu. Kutu toa, mkono wa mtu uache. Mimi nimejifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine.

Na nawauliza wakuu, bila utani kwa mara moja: Dani alikosea? Au ni mimi niliyekosea kwenda kusema? Semeni mnavyoona, hata mkinitukana nitasoma. Anayejua karakana nyingine ya kale yenye sheria kama hizi atueleze pia, ningependa kujua kama mafundi wengine nao huondoka hivi.

Zile zana tatu ziko mbele yangu hapa mezani ninapoandika. Hazina alama ya mzee, wala yangu. Nimeweka nyundo na msumari kando, kwa sababu nimeambiwa nitavihitaji, na simu nimeigeuza uso juu.

Nikinyamaza ghafla humu msinitafute. Mjue nimeitwa Frere Town.